SOMO LA AFYA: POMBE YA JANA, AJALI YA LEO



Somo letu la leo linahusu pombe, barabara na watoto wetu. Jambo hili tunaliona kila mwaka masika yanapoanza na mianzi inapogemwa. Soma polepole. Kama una jirani ambaye bado anajifunza kusoma, msomee kwa sauti, kisha mjadiliane.

KISA CHA ASUBUHI MOJA

Ilikuwa mwezi wa Machi, saa moja kasoro robo asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na ukungu ulikuwa mzito. Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua mlango wa zahanati. Nikaona watu wanakuja, wamembeba mtoto wa miaka mitano katika blanketi. Nyuma yao alikuja mama yake akichechemea. Nyuma ya mama alikuja kijana wa bodaboda, mkono unatoka damu.

Mama alinieleza. Mtoto alikuwa na homa tangu usiku. Alfajiri alimkodi kijana yule awalete zahanati. Walipofika kwenye kona yenye utelezi, pikipiki iliacha njia ikaingia mtaroni. Mtoto alivunjika mguu wa kulia. Angekuwa na homa peke yake, tungempima, tungempa dawa na angerudi nyumbani siku ile ile. Sasa tulimfunga mguu kwa mbao na kitambaa, tukatafuta gari la kumpeleka hospitali.

Kijana yule alikuwa na umri wa miaka 17. Nilipomsogelea nimsafishe jeraha, pumzi yake ilinuka ulanzi. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, umekunywa?"

Akajibu huku analia, "Dokta, mimi sijalewa. Leo sijagusa kitu. Nilikunywa jana jioni, nikalala. Asubuhi nimenawa maji ya baridi na nimekunywa chai ya rangi."

Kijana yule hakusema uongo. Hakujua tu. Alidhani usiku mmoja unatosha kumaliza pombe mwilini. Wengi wetu tunadhani hivyo. Hata mimi, kabla sijasomea kazi hii, niliamini kwamba chai kali na maji ya baridi huondoa ulevi. Ndiyo maana nimeona tujifunze jambo hili pamoja.

POMBE INAINGIAJE NA INATOKAJE MWILINI?

Ukinywa pombe, inaingia tumboni, kisha inapita kwenye utumbo na kuingia katika damu. Damu inaipeleka mwili mzima. Baada ya dakika chache tu inafika kwenye ubongo. Ubongo ndio unaoongoza macho, mikono, miguu na akili. Kwa hiyo mlevi haoni sawasawa, hapimi mwendo sawasawa, na mikono yake inachelewa kutii.

Kazi ya kuondoa pombe hufanywa na ini. Sehemu ndogo tu hutoka kwa mkojo, jasho na pumzi. Ini ni kama mashine ya kusaga mahindi pale kijijini. Ukileta debe moja, litasagwa. Ukileta madebe kumi, mashine haiongezi mwendo kwa sababu una haraka. Madebe mengine yatakaa kwenye foleni. Pombe nayo hukaa kwenye foleni ndani ya damu yako, na muda wote huo inaendelea kuulevya ubongo.

TUFANYE HESABU

Chukua kalamu na karatasi.

Nguvu ya ulanzi hubadilika. Ulanzi uliochacha vizuri unaweza kuwa na nguvu kama bia ya chupa, yaani asilimia 5 hivi. Kwa nguvu hiyo, lita 1 ina gramu 40 za kilevi. Ini la mtu mzima huondoa kama gramu 8 kwa saa moja. Wengine huondoa pungufu, wengine zaidi kidogo.

Sasa tuseme mtu ameanza kunywa saa 12 jioni. Amekunywa lita 4, akaenda kulala saa 4 usiku.

Lita 4 mara gramu 40 ni gramu 160.
Gramu 160 gawanya kwa 8 ni saa 20.

Hesabu saa 20 kuanzia saa 12 jioni. Utafika saa 8 mchana wa siku ya pili! Ndipo pombe yote inapokwisha.

Je, saa 12 asubuhi, anapowasha pikipiki, hali yake ikoje? Tangu jioni zimepita saa 12.

Saa 12 mara gramu 8 ni gramu 96. Hizo zimeondoka.
Gramu 160 toa 96 ni gramu 64. Hizo bado zimo mwilini.

Gramu 64 zinazidi kilevi cha lita moja na nusu ya ulanzi. Mtu huyu ni sawa na mtu aliyeamka alfajiri, akanywa lita moja na nusu kwa mara moja, kisha akampakia mama na mtoto wake. Je, wewe ungekubali kupanda?

Hesabu hii ni ya kukisia, kwa sababu miili haifanani na ulanzi wa kilabuni haupimwi nguvu. Lakini inatuonyesha kwamba kulala hakuharakishi ini. Ukiwa macho au usingizini, mashine inasaga kwa mwendo ule ule.

Wanywaji wa bia nao wahesabu. Chupa moja ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 20 za kilevi. Chupa hiyo moja inahitaji saa mbili na nusu.

MAMBO YASIYOONDOA ULEVI

Watu wana njia nyingi wanazoziamini. Tuziangalie moja moja.

Chai au kahawa kali: Inaweza kukuondolea usingizi kidogo, lakini pombe inabaki pale pale. Unakuwa mlevi aliye macho.

Kuoga au kunawa maji ya baridi: Maji yanagusa ngozi. Pombe iko ndani ya damu.

Kula nyama au ugali baada ya kunywa: Chakula kikiliwa kabla ya kunywa hufanya pombe iingie katika damu polepole. Lakini kilevi ambacho kimekwisha kuingia katika damu hakitolewi na chakula.

Kutoka jasho kwa kulima au kucheza ngoma: Jasho hutoa pombe kidogo mno.

Kutapika: Huondoa ile iliyobaki tumboni tu.

Dawa ni moja, nayo ni muda.

Liko pia jambo la baridi. Hapa Njombe, hasa mwezi wa Juni na Julai, watu husema pombe inaleta joto. Ukweli ni kwamba pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Unahisi joto, lakini joto la ndani ya mwili linatoka nje na kupotea. Mlevi anayelala njiani usiku wa baridi anaweza kufa kwa baridi huku akidhani ana joto.

BARABARA ZETU

Makambako ni njia panda kubwa. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya, Tunduma na Zambia inapita pale. Hapo hapo inaanza barabara ya kwenda Njombe na Songea. Malori makubwa yanapita usiku na mchana. Mabasi yanapita. Na katikati ya malori na mabasi wanapita vijana wetu wa bodaboda, wakulima wenye baiskeli zilizobeba viazi, na wanafunzi waendao shule kwa miguu.

Pikipiki ikienda mwendo wa kilomita 60 kwa saa, inakwenda karibu mita 17 kwa sekunde moja. Sekunde moja ni muda wa kusema "pita huku". Dereva aliyelewa akichelewa nusu sekunde kushika breki, amekwisha kwenda mita 8 zaidi. Mita 8 ni nyingi kuliko upana wa barabara ya lami. Mtoto aliyekuwa anavuka alikuwa ndani ya mita hizo 8.

Tena ulanzi hugemwa kwa wingi wakati wa mvua. Kwa hiyo ulevi, utelezi na ukungu hutujia katika miezi ile ile. Dereva mzima hupunguza mwendo. Dereva mlevi hujiona hodari, akaongeza. Wengine hubeba mshikaki, watu wawili au watatu nyuma, bila kofia ngumu.

Na mtembea kwa miguu aliyelewa naye yumo hatarini. Usiku hana taa, nguo zake ni nyeusi, naye anayumba kuelekea katikati ya barabara.

WATOTO NA ULANZI

Nilimwuliza kijana yule alianza kunywa lini. Alisema hakumbuki. Alipokuwa mdogo alitumwa kwenye mianzi kila asubuhi na jioni, na akirudi alipewa kikombe. Hakuna aliyemfundisha kulewa kwa ubaya. Alipewa kwa upendo.

Wazazi wangu, mimi ni kijana wenu, sisemi haya kwa kuwakosea heshima. Najua ulanzi ni wa kwetu. Unanywewa kwenye harusi na kwenye kazi za kusaidiana shambani. Kuna mama wengi ambao wamenunua sare za shule na madaftari kwa fedha za ulanzi. Lakini mwili wa mtoto ni mdogo, na ini lake ni dogo.

Tunasema ulanzi mtamu si pombe. Ni kweli kwamba ukitoka kwenye mwanzi saa hiyo hiyo una kilevi kidogo sana. Lakini chachu imo katika chombo na katika hewa. Saa chache tu zikipita, sukari inageuka kuwa kilevi. Ulanzi mtamu wa asubuhi si mtamu tena jioni, ila mtoto anaendelea kupewa kwa jina lile lile.

Tufanye hesabu moja tena. Kikombe cha robo lita ya ulanzi uliochacha kina gramu 10 za kilevi. Mtoto mwenye kilo 20 akinywa kikombe hicho, damu yake inafika karibu na kiwango ambacho sheria inamkataza mtu mzima kuendesha gari. Kikombe kimoja tu!

Hatari nyingine ni sukari ya mwili. Pombe huzuia ini kutoa sukari kwenye damu. Mtoto ambaye hajala, akinywa pombe, sukari yake inaweza kushuka sana. Atalegea, atatoka jasho la baridi, anaweza kupata degedege na hata kufa.

Kwa vijana wa miaka 13 hadi 19 kuna hatari ya muda mrefu. Ubongo wa binadamu unaendelea kujengeka hadi karibu miaka 25. Anayeanza kunywa mapema yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuwa mtumwa wa pombe ukubwani. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Gongo ni hatari zaidi, kwa mtoto na kwa mkubwa. Nguvu yake ni kubwa, hakuna aipimaye, na mara nyingine huwa na sumu inayopofusha macho au kuua.

HUDUMA YA KWANZA

Ukimkuta mtoto au mtu mzima amelewa kupita kiasi:

1. Mwite na umtikise bega. Kama hajibu, usimpe kitu chochote mdomoni.
2. Mlaze kwa ubavu, ili akitapika matapishi yasimzibe pumzi. Usimlaze chali.
3. Mfunike kwa blanketi.
4. Usimtapishe. Usimmwagie maji ya baridi.
5. Kama ni mtoto naye yuko macho na anaweza kumeza, mpe maji yenye sukari kidogo kidogo.
6. Usimwache peke yake. Mpeleke zahanati haraka kama hajibu, anapumua polepole, ana degedege au mwili umekuwa wa baridi.

Ukimkuta mtu aliyeanguka barabarani:

1. Zuia magari kwanza, ili ajali isizae ajali ya pili.
2. Damu ikitoka, bandika kitambaa safi na ukandamize kwa nguvu.
3. Usimvute shingo, wala usimkalishe kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Tafuta gari ambamo atalala.
4. Piga simu polisi, namba 112.

Tena kuna neno moja lililokwisha kuua watu. Neno hilo ni, "Amelewa tu, mwacheni alale." Mtu aliyegonga kichwa huweza kuonekana kama mlevi. Anasinzia, anatapika, maneno yake hayaeleweki. Akiwa ananuka pombe, watu hawashtuki. Kama mlevi ameanguka au amegongwa, usiseme ni pombe tu. Mlete tumpime.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha chombo cha moto ukiwa umelewa. Kiwango kilichowekwa ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Mwanaume wa kilo 60 akinywa chupa mbili za bia za mililita 500 kwa haraka anaweza kuwa amekipita. Lakini usingoje kufika hapo. Macho na mikono huanza kuharibika kabla ya kiwango hicho.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inakataza kumwuzia mtoto pombe. Mwuzaji hawezi kujitetea kwamba mtoto alikuja na fedha zake.

Gongo limekatazwa kwa sheria. Tena tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe kali za viroba, kwa sababu zilikuwa rahisi kununuliwa na kufichwa mfukoni, hata na wanafunzi.

TUFANYE NINI KIJIJINI?

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza, walisoma, walijadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Hawakungoja mtu wa nje aje kuchimba. Nasi tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa jambo hili.

Madereva wa bodaboda: Kubalianeni katika kijiwe chenu kwamba aliyekunywa sana jana hapakii abiria asubuhi ya leo. Mwenzake ashike zamu. Kesho naye atashikiwa.

Wauza pombe: Mteja akija na pikipiki, chukua funguo kabla ya kumpa kikombe. Mrudishie akiwa mzima. Usimwuzie mtoto, hata akisema ametumwa na baba.

Wazazi: Mtoto asitumwe kilabuni. Mtoto aliyesaidia kugema apewe uji, maziwa au tunda. Parachichi na mapeasi tunayo.

Abiria: Kabla ya kupanda, msalimie dereva na uzungumze naye kidogo. Nusa pumzi yake na tazama macho yake. Ukiwa na shaka, usipande. Kuchelewa si aibu.

Viongozi: Serikali ya kijiji inaweza kupendekeza sheria ndogo juu ya saa za kufungua vilabu na juu ya watoto kuingia humo, ikaipeleka halmashauri ikubaliwe. Jambo hili lizungumzwe katika mkutano mkuu wa kijiji, wake kwa waume.

Watu husema ajali haina kinga. Zipo ajali ambazo hazina kinga kweli, kama mti kuangushwa na upepo. Lakini ile ya kijana wetu ilikuwa na kinga. Angejua hesabu tuliyofanya leo, angemwambia yule mama, "Mama, jana nilikunywa. Ngoja nimwite mwenzangu." Mtoto angefika zahanati akiwa na homa tu.

Mtoto yule alikaa hospitali wiki kadhaa. Sasa anatembea, ingawa bado anachechemea kidogo. Kijana wa bodaboda alikuja zahanati mara tatu kuuliza habari zake. Mara ya tatu nilimwonyesha hesabu hii kwenye karatasi. Aliiangalia kwa muda mrefu, akaomba aichukue akawaonyeshe wenzake kijiweni. Nikampa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni kiungo gani cha mwili kinachoondoa pombe?
2. Mtu ameanza kunywa saa 2 usiku. Amekunywa lita 2 za ulanzi uliochacha. Pombe itakwisha mwilini saa ngapi?
3. Kwa nini chai kali haiondoi ulevi?
4. Kwa nini ulanzi mtamu wa asubuhi haufai kupewa mtoto jioni?
5. Utafanya nini ukimkuta mtoto aliyelewa na hajibu akiitwa?
6. Katika kijiji chenu, nani atashika funguo za dereva aliyekunywa? Amueni leo.

Jibu la swali la 2: Lita 2 ni gramu 80. Gramu 80 gawanya kwa 8 ni saa 10. Pombe itakwisha saa 12 asubuhi.